Nani Ana Kiberiti?

Jamani, leo nimeaibika nikiwa nimevaa vazi jeupe la kurinia asali, kuanzia kichwani hadi miguuni, mbele ya akina mama kumi na mmoja, mzee mmoja na nyuki ambao sikupata nafasi ya kuwahesabu.

Naandika kwa kidole kimoja. Vingine vimevimba. Jicho la kushoto limejifunga lenyewe kama duka siku ya sikukuu. Lakini nitaandika yote, tena kwa mpangilio, kwa sababu nikiruka hata kipande kimoja nitaanza kujidanganya upya, na kujidanganya ndiko kulikonifikisha hapa.

Tuanze na ukweli. Mimi navuta sigara. (Mama, kama kuna mtu amekuonyesha hii, nisamehe. Nilipanga kukwambia nikishaacha.)

Miezi mitano iliyopita binamu yangu alirudi kutoka nje akaniletea kidude. Ukubwa wake ni kama kalamu nene, na kinachajiwa kama simu. Unachomeka kijiti kifupi cha tumbaku, kidude kinakipasha bila kukichoma, unavuta ule mvuke. Hakuna moto wala jivu. Binamu akaniambia, "Hiki ndicho kitakuachisha sigara." Nikakiamini saa ileile. Mimi ni mtu wa kuamini kitu chochote chenye taa ndogo inayokuonyesha umefika hatua gani.

Nikapanga ratiba. (Napanga ratiba ya kila kitu. Nina ratiba ya kukata kucha.) Wiki ya kwanza: kidude asubuhi, sigara jioni. Wiki ya pili: kidude peke yake. Wiki ya tatu: mtu huru.

Huu ni mwezi wa tano na bado niko wiki ya kwanza. Tena nimeiboresha. Kidude navuta chumbani, kwa sababu mama mwenye nyumba hapendi moshi. Sigara navuta nje, kwa sababu nje ni nje. Kidude kikiisha chaji, navuta sigara huku kinachaji. Kikijaa, nakivuta kujipongeza kwamba nimeacha sigara. Zamani kulikuwa na saa ambazo sivuti. Saa ya kulala tu ndiyo imebaki, na hata hiyo naichelewesha.

Sasa mje kwenye nyuki.

Sikusomea nyuki chuoni. Nimejifunza kwa video za kwenye simu, kwa vijitabu vya kuazima na kwa kuumwa. Nyumbani kwetu ni Kiomboi, ila kwa sasa nimepanga chumba Singida Mjini, na humo ndimo ninamochuja asali na kuifungasha. Lebo zangu nilizichora mwenyewe mara tisa. Zimeshachapwa. Ni nzuri mno. Tatizo lilikuwa moja tu: asali ya kubandikia lebo hizo sikuwa nayo ya kutosha.

Ndipo nikasikia habari za kikundi cha akina mama wa Issuna, wilayani Ikungi. Wana mizinga mizuri, mahali pazuri, asali nyepesi yenye rangi ya chai ya rangi. Lakini mnunuzi mmoja wa mjini aliwarudishia ndoo zao mara mbili. Alisema asali inanuka moshi. Wakahangaika, wakatafuta mtu wa kuwaelekeza. Nikajitokeza.

Kikao cha kwanza, mwenyekiti wao, Mama Zainabu, aliniuliza swali moja tu. Ni mama mfupi, mpole, anayeongea taratibu kama mtu anayemimina mafuta kwenye chupa.

"Kijana, wewe unavuta?"

"Niliacha, mama."

Nilisema hivyo bila kupepesa macho. Kidude kilikuwa mfukoni, chaji imejaa. Moyoni nilikuwa nimeshaacha, mapafu tu ndiyo yalikuwa hayajapewa taarifa.

Wakanipa masharti. Nije siku moja niongoze urinaji mbele ya kikundi kizima. Asali ikitoka safi, bila harufu, basi mimi ndiye mtaalamu wao, na asali yao yote itapita kwenye mikono yangu na lebo zangu. Isipotoka safi, kwaheri. Siku yenyewe ilikuwa leo.

Ili mambo yaende sawa niliwaandikia kanuni. Karatasi moja, maandishi makubwa, nikaibandika kwenye mlango wa stoo yao wiki iliyopita. Kanuni ya kwanza: hakuna mtu yeyote anayevuta sigara kukaribia mizinga. Kanuni ya pili: hakuna kiberiti kwenda porini, moto unawashwa nyumbani, bomba la moshi wa kutulizia nyuki linabebwa likiwa tayari linafuka. Kanuni ya tatu: hakuna kuchoma mavi ya ng'ombe kwenye bomba, ni maranda safi peke yake.

(Kanuni zilikuwa kumi na nne. Nawapunguzia.)

Leo nimeamka nikiwa nimedhamiria. Nikajitazama kwenye kioo nikasema, leo sivuti chochote mpaka kazi iishe. Nikasema kwa sauti. Kisha nikakumbuka kwamba kidude si sigara, nikavuta kijiti kimoja ili kutuliza mikono.

Stendi basi likachelewa. Nikavuta sigara moja, nyuma ya choo, ili kutuliza kile kijiti.

Nilipofika Issuna nilinawa mikono kwa sabuni isiyo na harufu, nikasukutua, nikatafuna majani ya mpera mpaka ulimi ukawa mzito. Nikajinusa kiganja. Safi. Kiberiti cha gesi na pakiti ya sigara vilikuwa kwenye mfuko wa suruali. Nilitaka kuviacha stendi. Nawaapia nilitaka. Lakini kuviacha ni kukubali kwamba ninavyo, na mimi nilikuwa nimeshaacha.

Akina mama walikuwa wananisubiri uani kwa Mama Zainabu, kila mtu kavaa gauni refu na soksi. Pembeni, kwenye kigoda, alikaa mzee mmoja mwembamba, mguu mmoja kaunyoosha mbele. Ni Mzee Njiku, baba mkwe wa Mama Zainabu. Huyu amerina asali ya mizinga ya magogo tangu kabla baba yangu hajazaliwa, mpaka alipoanguka kutoka kwenye mti akaumia goti. Sasa anatembea na fimbo na maneno.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiyo wewe mtaalamu?"

"Ndiyo mimi."

"Unatoka wapi?"

"Kiomboi, mzee."

"Aaa! Mnyiramba." Akageukia akina mama. "Mmeshindwa kabisa kupata mtu?"

Wakacheka. Sisi na Wanyaturu kama yeye ni watani, nikajua napaswa kumjibu. Lakini nilikuwa na kanuni kumi na nne kichwani, jibu halikupata pa kukaa. Nikatabasamu kama picha ya kitambulisho.

"Nimesoma ile karatasi yako," akaendelea. "Yaani nimesomewa. Umekataza mavi ya ng'ombe."

"Yanatia harufu kwenye asali, mzee."

"Maranda yako yanazimika."

"Haya nimeyachekecha, mzee. Na nimeyaanika siku tatu."

"Umechekecha maranda?"

"Mara mbili."

Mzee akachukua mfuko wake wa kitambaa akauvaa begani, akasimama kwa fimbo yake. "Twende nikaone hayo maranda."

"Mzee, huna vazi la kinga. Ni hatari."

"Mimi nyuki wananijua."

Mama Zainabu akanikonyeza kwamba niache, hashindwi huyo. Nikaacha. Hili ndilo kosa la kwanza la siku, la kuonekana kwa macho.

Nikaingia nyuma ya stoo kuvaa vazi langu. Nikavaa, nikafunga zipu mpaka shingoni, kofia ya wavu bado mkononi. Hamu ikanishika. Akina mama kumi na mmoja! Mama Zainabu! Huyo mzee! Suruali na sigara zake zilikuwa tayari chini ya vazi, sizifikii. Lakini kidude nilikuwa nimekihamishia kwenye mfuko wa kifua wa vazi, karibu na kile chuma cha kufungulia mzinga. (Nilijiambia nimekiweka pale kwa usalama wake.)

Nikachomeka kijiti. Taa ikawaka. Nikavuta haraka haraka, uso umeelekea ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Hakina harufu, nilijiambia. Binamu alisema hakina harufu.

Kutoka upande wa pili wa ukuta nikasikia sauti.

"Nani anakaanga bisi?"

"Bisi saa hizi?"

"Mimi nasikia bisi. Zinaungua."

Nikakizima kidude. Nikatoka nikiwa nimeshavaa kofia ya wavu, glavu mkononi, natembea kwa heshima kama bwana harusi.

"Mtaalamu, wewe husikii harufu ya bisi?" akaniuliza Asha. Asha ni binti wa kikundi, ndiye mwenzangu wa kufungua mizinga, naye alikuwa kavaa vazi la pili.

"Ni majirani," nikasema.

"Jirani gani? Jirani wa karibu ni yule pale bondeni."

"Basi upepo."

Nikawasha bomba la moshi pale uani kwa kiberiti cha Mama Zainabu, kama kanuni inavyosema. Maranda yakashika vizuri. Moshi mweupe, laini, hauna harufu. Nikamrudishia Mama Zainabu kiberiti chake mbele ya watu wote, kwa mkono wangu, nikasema, "Hiki kinabaki nyumbani." Akakiweka juu ya jiwe la kufulia. Niliona fahari. Mtu anayefuata kanuni zake mwenyewe!

Kutoka nyumbani hadi kwenye mizinga ni mwendo wa dakika ishirini. Kwa mwendo wa Mzee Njiku ni arobaini, na hakuna mtu aliyethubutu kumpita. Ilikuwa imetimu saa kumi na nusu, jua limepungua ukali. Akina mama wakabaki mbali, kwenye kichuguu. Mzee yeye akasogea mpaka hatua kama kumi kutoka kwenye mizinga, akaketi juu ya gogo, mguu kaunyoosha.

Mzinga wa kwanza ulikwenda kama kwenye video. Nikapuliza moshi kidogo mlangoni, nikasubiri, nikafungua. Nyuki wakainama ndani. Masega meupe, yamefungwa vizuri, mazito. Asha akashika ndoo. Nilikata polepole, sikuponda hata nyuki mmoja. Kutoka kwenye kichuguu Mama Zainabu akapaza sauti, "Inanuka?" Asha akainusa ndoo. "Inanuka maua!" Vigelegele. Huku nyuma ya wavu nilikuwa karibu kulia.

Mzinga wa pili vilevile. Nikawaza lebo. Nikawaza zile ndoo zikiingia mjini.

Mzinga wa tatu ndio uliokuwa mkubwa na wenye nyuki wakali. Nikafungua kifuniko. Nyuki wakapanda juu kwa sauti ile ambayo mtu yeyote wa nyuki anaijua, kama maji yanayoanza kuchemka. Nikabonyeza bomba.

Fu.

Hewa tupu.

Nikabonyeza tena. Fu. Fu. Nikafungua kifuniko cha bomba nikachungulia. Maranda yangu safi, yaliyochekechwa mara mbili, yalikuwa yamezimika kabisa. Yamelala humo kama unga.

"Mtaalamu," Asha akanong'ona, "moshi uko wapi?"

"Unakuja."

Haukuja. Nyuki ndio walikuja. Walitupiga kwenye wavu kama mchanga, wakaona hakuna pa kuingilia, wakatafuta mtu mwingine. Na mtu mwingine alikuwa ameketi juu ya gogo, hatua kumi, shati la mikono mifupi, goti bovu, nyuki wanamjua.

Walimjua kweli.

"We!" Mzee Njiku akapiga kofi shingoni. "We! Mtaalamu! Moshi!"

Akajaribu kusimama. Fimbo ikateleza. Akakaa tena. Nikamwona anajifunika uso kwa ule mfuko wake wa kitambaa, na nyuki wanamshukia mgongoni. Hapo utani uliisha. Mtu mzima, mguu hauendi, kundi zima limekasirika. Nimesoma ya kutosha kujua jinsi mambo haya yanavyoisha.

"Nani ana kiberiti?" nikapiga kelele.

Kwenye kichuguu akina mama wakatazamana.

"Nani ana kiberiti jamani?"

"Ulituambia tusije nacho!" akajibu mama mmoja.

"Hata mmoja?"

"Umeandika kwa herufi kubwa!"

Mama Zainabu alikuwa tayari ameshaanza kukimbia kurudi nyumbani, gauni kalishika mikono miwili. Dakika ishirini kwenda. Dakika ishirini kurudi.

Na mimi kiberiti ninacho. Kipo kwenye mfuko wa suruali, paja la kulia, nakisikia kinanigusa. Kipo kando ya pakiti ya sigara. Chini ya vazi lililofungwa zipu mpaka shingoni.

Ngoja niwaambie kitu ambacho naona aibu nacho kuliko vingine vyote. Sikukitoa. Angalau si papo hapo. Kwa muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani, nilisimama pale nikifikiria njia ya kumwokoa mzee wa watu bila kujulikana kwamba navuta.

Na nikaipata! Kidude! Kiko mfuko wa kifua, nje, karibu. Kinapasha tumbaku mpaka inatoa mvuke, basi kitashindwa vipi kuwasha maranda? Nikakichomoa. Nikakibonyeza. Taa ikaanza kucheza, kijani, kijani, inapasha. Nikachukua maranda kidogo nikayashindilia kwenye tundu la kijiti kwa kidole cha glavu. Nikasubiri.

"Unafanya nini?" Asha akauliza.

"Nawasha moto."

"Na hiyo ni nini?"

"Kinapasha."

"Tunataka moto, siyo joto!"

Taa ikawa nyekundu. Kidude kikatetemeka mara mbili mkononi mwangu, ishara ya kwamba kuna kitu kisichoeleweka ndani yake, kikazima. Ndipo nikaelewa, nikiwa katikati ya mapori ya Ikungi na nyuki usoni, kwamba nimeshika kifaa ambacho sifa yake kubwa, ile iliyoandikwa kwenye boksi, ni kwamba hakichomi kitu.

"Oyoo, mama yangu!" Mzee akapiga kelele. Sasa walikuwa wameingia ndani ya shati.

Basi. Nikashika zipu nikaishusha.

Wanaojua nyuki wanajua maana yake. Kushusha zipu pale ni kuwafungulia mlango na kuwaambia karibuni, kuna chai. Wakaingia. Mmoja midomoni. Mmoja kwenye jicho. Shingoni sikuhesabu. Nikavua glavu, nikatumbukiza mkono kwenye mfuko wa suruali, nikakamata kiberiti, nikakichomoa, na pakiti ya sigara ikatoka nayo. Ikaanguka kwenye nyasi, ikafunguka, sigara zikatapakaa miguuni pa Asha. Nyeupe kabisa.

Asha akazitazama. Akanitazama. Akatazama kidude kwenye mkono wangu wa kushoto.

"Vyote viwili?" akasema.

"Shika bomba!"

Nikabonyeza kiberiti. Moto. Maranda yakashika, yakafa. Yakashika tena, yakafa.

"Mfuko!" Mzee Njiku akafoka kutoka chini ya ule mfuko wake. "Chukueni mfuko!"

Nikakimbia nikauchukua. Ndani mlikuwa na mavi ya ng'ombe makavu, mapande manene, yamefungwa vizuri kwenye gazeti. Alikuwa ameyabeba toka nyumbani. Kanuni ya tatu! Nikavunja pande moja, nikalitia moto, nikalitumbukiza kwenye bomba. Moshi ukatoka mzito, wa buluu, unaonuka zizi, na sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Nikampulizia mzee mgongoni, kichwani, ndani ya shati. Nikajipulizia usoni. Asha akafunika mzinga kwa mikono yake miwili. Tukamshika mzee makwapani, mmoja huku, mmoja kule, tukamburuta mpaka kwenye kichuguu. Akina mama wakamkung'uta kwa khanga.

Tulikaa chini, tunapumua. Mzee alikuwa ameumwa sehemu nyingi, sikio la kulia limekuwa kama andazi, lakini anaongea, kwa hiyo tukajua yupo salama. Mama mmoja akamwondolea miiba kwa kucha. Mimi hakuna aliyeniondolea.

Mama Zainabu akarejea anahema, kiberiti mkononi. Akakuta moshi. Akauliza, "Moto umetoka wapi?"

Asha akanyoosha mkono mmoja tu. Kiganjani mlikuwa na sigara alizoziokota, moja moja. Mkono wa pili alishika kidude changu, bado kina maranda tunduni.

Mama Zainabu akaketi.

"Si ulisema uliacha?"

"Mama, nilikuwa naelekea kuacha."

Mzee Njiku akanyoosha mkono, akapewa kidude. Akakigeuza. Akakinusa. "Hiki cha kazi gani?"

"Kinapasha tumbaku, mzee. Hakiichomi."

"Kwa nini?"

"Ili nisivute sigara."

"Na hizi?"

"Ni sigara."

Akafikiri. Jicho lake moja lilikuwa limeanza kufumba, kama langu. "Yaani wewe umenunua viatu vipya, ukavivalia juu ya vile vya zamani."

"Ndiyo, mzee."

"Na unatembea?"

"Kwa shida."

Akina mama walikuwa wamejizuia muda wote, ila hapo mmoja akashindwa, akacheka mpaka akalala kwenye nyasi. Wengine wakamfuata. Asha akasema kumbe bisi zilikuwa zangu. Wakaanza upya. "Mnyiramba!" Mzee akasema, akitingisha kichwa. "Unamwomba moto anakuletea chaja!"

Nilicheka pia. Mdomo wa juu ulikuwa haufuati tena, nikacheka kwa wa chini peke yake. Kisha nikaona ninalia, na nikaamua kwamba nitasema kabla sijaanza kutafuta maneno mazuri.

Nikawaambia yote. Ratiba. Wiki ya kwanza ya miezi mitano. Nyuma ya choo stendi, nyuma ya stoo. Nikawaambia pia lile la mwisho, kwamba kiberiti nilikuwa nacho tangu mzee alipopiga kelele ya kwanza, na nilianza na kidude ili nisijulikane. Mzee Njiku alinitazama kwa jicho moja lililo wazi. Afadhali angenitukana.

Tulipofika nyumbani wakafanya kikao hapohapo uani, mimi nimekaa pembeni na kitambaa chenye maji baridi usoni. Ndoo mbili zilikuwa katikati. Zikanuswa na kila mtu. Asali ni safi. Hakuna aliyebisha hilo. Kilichobishaniwa ni mimi.

Mama mmoja alisema mwongo ni mwongo. Asha alisema lakini alishusha zipu. Yule wa kwanza akasema angeshusha mapema zaidi. Asha akasema ni kweli. Ikawa hivyo kwa muda, na kila aliyesema alisema kweli.

Mwisho Mzee Njiku akagonga fimbo chini.

"Mizinga iliyobaki ni mingapi?"

"Kumi na sita," akajibu Mama Zainabu.

"Basi huyu halali mjini. Atalala kwangu mpaka iishe. Mimi silali sana, mguu haunipi usingizi. Nitamnusa asubuhi na nitamnusa jioni. Siku nikimsikia bisi, au sigara, au kitu chochote kinachopashwa, anapanda basi na lebo zake. Na bomba litatiwa mavi ya ng'ombe, kidogo, kwa kipimo, na yeye ndiye atatafuta kipimo ambacho hakinuki kwenye asali. Si mtaalamu?"

Mama Zainabu akanigeukia. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Utaweza?"

Nilitaka kusema ndiyo kwa sauti ya kishujaa. Lakini nimewahi kumjibu mama huyu haraka mara moja. "Sijui, mama," nikasema. "Ila nataka. Na nikishindwa nitakwambia mimi mwenyewe, kabla hajaninusa mtu."

Akachukua sigara zote, kidude, vijiti vyake na kiberiti cha gesi. Kiberiti akakibakiza jikoni, kinafaa. Sigara akazitumbukiza chooni mbele yangu, moja moja, bila haraka. Kidude alikitazama sana, akauliza kama kinaweza kuchaji simu. Nikamwambia hakiwezi. Kikafuata sigara.

Sasa hivi niko barazani kwa Mzee Njiku. Zimepita saa nne hivi tangu nivute mara ya mwisho. Hamu ipo, na ratiba sijapanga. Kwa mara ya kwanza sijapanga. Mzee ameketi hapa karibu, sikio lake limeng'aa, kila baada ya muda ananyanyua pua kuelekea upande wangu kama anasikiliza redio. Ameshaninusa mara nne tangu tufike. Amesema nanuka zizi, na kwamba ni maendeleo.

Mizinga kumi na sita. Nitaimaliza yote, nikiwa nanuka hivihivi.

Ninyi chekeni tu, lakini msinipigie simu kunicheka: mdomo umevimba, siwezi kumjibu mtu.